Nilimsubiri Miaka 45, Nikapigiwa Banjo

Dada mshauri,

Salamu nyingi. Tangu niandike barua ya kuomba kazi sijaandika nyingine, na mke wangu akijua hii inahusu nini atanicheka mpaka mfungo ujao. Lakini jambo lenyewe nimelibeba tangu nirudi safari, na sasa limeanza kunipotezea marafiki.

Nina miaka 63, mstaafu wa bandarini hapa Mombasa. Mwaka 1978 binamu yangu aliyekuwa baharia alirudi na santuri nne za bendi ya Kiingereza, Led Zeppelin. Mtaani kwetu ilikuwa ni taarab na rumba, na marehemu baba alidhani mashine imeharibika. Mimi nikazama. Maneno ya yule mwimbaji, Robert Plant, sikuyaelewa hata nusu, ila sauti yake ilikuwa inapanda kama honi ya meli inayoingia Kilindini alfajiri. Miaka miwili baadaye mpiga ngoma wao, John Bonham, akafa na bendi ikavunjwa. Nikawa kama mtu aliyefika harusini masufuria yanaoshwa.

Basi nikasubiri. Mwaka 2007 waliporudi jukwaani London usiku mmoja, nikasema sasa ndiyo wanaanza. Jimmy Page alikuwa tayari, John Paul Jones alikuwa tayari, mtoto wa marehemu, Jason, ndiye aliyekuwa akipiga ngoma. Aliyekataa ni nani? Yeye Plant. Akaenda zake Marekani kuimba nyimbo za taratibu na dada mmoja mpiga fidla, Alison Krauss. Hapo nikaanza kumwekea kinyongo, ila matumaini sikuyakata.

Juzi mwanangu anayefanya kazi Birmingham alinialika nikatembee. Siku ya tatu akanipa bahasha. Ndani tiketi mbili za kumwona Plant na kikundi chake cha sasa, Saving Grace. Dada, usiku ule sikulala. Nilivaa fulana yangu ya zamani, ile ambayo mke wangu amekwisha kuigeuza tambara mara mbili nami nikaiokoa.

Kufika ukumbini, watu wote wameketi kama wako kwenye mhadhara. Jukwaani banjo, selo na akodiani. Akodiani! Nimekua nazo kwenye taarab, sikuzifuata Ulaya. Kuna dada mwingine, Suzi Dian, anaimba karibu sawa na Plant, na ikifika zamu yake mzee anarudi pembeni, anatazama kama mgeni aliyekuja kusikiliza. Wakaimba nyimbo za wakulima na nyimbo za kanisani. Wimbo mmoja nikaona watu wanatikisa vichwa, nami sielewi kwa nini; ilikuwa ubeti wa pili ndipo nikatambua kuwa ni "Ramble On", wa Led Zeppelin, wangu mimi, umepoozwa kama uji wa mgonjwa. Sikungoja mwisho. Nilinyanyuka nikatoka, mwanangu akanifuata. Kwenye treni nikamwambia pesa zake zimeliwa. Hakusema kitu.

Nimerudi nyumbani, na kila Jumamosi jioni huwa tunakutana wanne kibarazani kwangu kusikiliza santuri. Nikawaeleza. Mwalimu mstaafu akaniunga mkono, wa posta akanyamaza kama kawaida yake. Lakini fundi saa, rafiki yangu wa miaka 30, akasema Plant amefanya vyema na mimi ndiye niliyekwama. Nikamjibu neno ambalo siliandiki hapa. Jumamosi sita zimepita hajaja.

Naomba unisaidie. Je, sina haki ya kuona nimesalitiwa? Huyu fundi nimfanyeje? Na kuna mtu wa Nairobi anataka kuzinunua santuri zangu zote 14 kwa shilingi elfu sita. Naona bora niziuze, yaishe.

Msubiri wa Mombasa

*

Kaka yangu Msubiri,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Kuna mstari mmoja nimeupigia duara, nitaufikia.

Kuhusu aibu ya kununia mwimbaji ukiwa na umri wako, hiyo itupe. Mimi mwenyewe Remmy Ongala alipoacha dansi akaingia kwenye nyimbo za injili, nilimnunia kama mtu wa nyumbani kwetu. Nilikuwa nimecheza Super Matimila mpaka viatu vikakatika visigino. Nilijiona nina hisa katika koo lake. Kwa hiyo nakuandikia kama mgonjwa mwenzio.

Sasa tuzungumze hesabu. Wewe unasema umesubiri bendi irudi. Desemba 1980 wale watatu waliobaki walitoa tamko kwamba bila rafiki yao hawawezi kuendelea. Hawakusema wanapumzika. Na kwa Plant, Bonham hakuwa mpiga ngoma tu wa kuajiri. Walijuana tangu ujana huko Midlands, katikati ya Uingereza, wakapiga pamoja kwenye bendi ndogondogo kabla ya hiyo kubwa. Julai 1977 bendi ikiwa ziarani Marekani, Plant alipigiwa simu kuwa mwanawe Karac, mtoto wa miaka mitano, amefariki. Miongoni mwa waliopanda naye ndege kurudi nyumbani alikuwa Bonham. Miaka mitatu baadaye na huyo Bonham akaondoka, ana miaka 32. Wewe ukiwa pale Mombasa ulipoteza bendi. Mwenzio alipoteza vitu ambavyo mimi na wewe tukipoteza hatuulizwi tutarudi lini kazini.

Na si kwamba hawakujaribu. Mwaka 1985 walipanda jukwaani Philadelphia kwenye tamasha la Live Aid, wakacheza vibaya kiasi kwamba baadaye wakakataa picha zile zisitiwe kwenye mkusanyo wa video wa tamasha. Mwaka 1988 wakajaribu tena New York, na wao wenyewe hawakujisifu. Ile ya Desemba 2007 ndiyo iliyosimama, kwa sababu walijifungia wakafanya mazoezi ya kutosha na kwa sababu Jason aliijua kazi ya baba yake. Maombi ya tiketi yalifika milioni 20, na ukumbi ule wa O2 unachukua watu kama elfu 20 hivi. Kaka, hata wangeanza ziara, wewe na zamu zako za bandarini ungekuwa mtu wa ngapi kwenye foleni hiyo?

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wengi hamtaki kulisikia. Usiku ule wa 2007 baadhi ya nyimbo walizishusha kimo cha sauti, maana mwimbaji alikuwa na miaka 59. Leo amevuka 75. Ile honi ya Kilindini unayoitaka hanayo. Hakuna aliye nayo. Iko kwenye santuri zako 14 peke yake, na ndiyo maana zina thamani. Akijilazimisha kuipandisha, utakachosikia ni mzee anayekabwa koo kwa bei ya tiketi. Wapo wa rika lake wanaofanya hivyo, tena viwanjani, huku kijana amejificha nyuma ya pazia akiwasaidia kwenye sauti za juu. Plant amechagua kuimba kwa sauti aliyo nayo. Unaweza usiipende, lakini si ya kughushi.

Umeniambia ameupooza wimbo wako. Chomoa santuri ya nne, ile ya 1971, geuza upande wa pili, weka sindano kwenye wimbo wa mwisho, ule wa tuta la mto linalobomoka, "When the Levee Breaks". Unaujua, nina hakika ndio ulioharibu mashine ya marehemu baba yako. Wimbo ule si wao. Ulirekodiwa mwaka 1929 na mke na mume, Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy, watu weusi wa Marekani, kuhusu mafuriko ya mto Mississippi ya 1927. Ulikuwa magitaa mawili na sauti ya mtu, mwepesi, karibu wa kuchezeka. Led Zeppelin wakauchukua, wakaufanya mzito kama kontena linaloshushwa. Kama mwaka 1971 alikuwapo mzee Chicago aliyeupenda ule wa 1929, nadhani naye alitoka ukumbini akasema ameharibiwa wimbo. Wewe ulikuwa upande wa waharibifu, kaka, na ulifurahi sana.

Ndivyo alivyo huyo bwana tangu mwanzo. Maneno ya wimbo wao "Kashmir" aliyaandika akiendesha gari jangwani kusini mwa Morocco mwaka 1973, hata Kashmir yenyewe alikuwa hajawahi kufika. Mwaka 1994 yeye na Page walikwenda Marrakech kupiga na mafundi wa gnawa, muziki wa jadi wa Morocco, halafu wakaita wapiga fidla wa Kimisri, na nyimbo zako zilezile zikavalishwa kanzu. Januari 2003 alikuwa Mali, Essakane, mwendo mrefu wa mchanga kutoka Timbuktu, akiimba kwenye tamasha la jangwani pamoja na Watuareg. Bendi yake ya baadaye ilikuwa na Juldeh Camara wa Gambia akipiga ritti, fidla ya uzi mmoja. Hebu fikiria kichekesho hiki: Mwingereza anahangaika kuja Afrika kutafuta muziki, na Mwafrika wa Mombasa anamkasirikia kwa nini hakubaki Uingereza ya 1971.

Hata huyo Alison Krauss unayemwita "dada mpiga fidla", kwa tuzo alizo nazo mimi ningesimama akipita. Albamu yao ya 2007 ilizoa tuzo tano za Grammy Februari 2009, ikiwamo ya albamu ya mwaka. Na wimbo uliopata tuzo ya rekodi ya mwaka, ule wa kusihi mtu asome barua, Plant aliutunga na Jimmy Page na wenzao wawili, wakautoa mwaka 1998. Wakati ule ulipita bila mtu kugeuka. Ulipopunguzwa kelele, ukaimbwa na sauti mbili zilizokaribiana, ndipo watu wakasikia umesema nini. Kwa hiyo ukisema amezitupa kazi za zamani, si kweli. Anazifumua na kuzishona upya. Na mwili umebadilika, lazima nguo ibadilike.

Usidhani nimeajiriwa kumtetea. Nyimbo zake nyingine za miaka hii zinanisinzisha, nakiri. Kuna moja niliisikiliza nikipika nikaunguza mchele. Huna wajibu wa kupenda banjo, na kuvunjika moyo ni haki yako kamili. Umelipiwa tiketi, umevaa fulana, umetarajia, hukupata. Mimi nakupinga kwenye neno usaliti. Msaliti ni mtu aliyeahidi. Huyu kila mwaka anaulizwa kama bendi itarudi, na kila mwaka anasema hapana. Waliokuwa wakikuahidi ni magazeti. Pesa ya ziara hiyo ingemtosha yeye na vitukuu vyake, akaiacha mezani, na mtu anayeacha pesa ya namna hiyo mimi huwa namsikiliza sababu zake hata kama zinaniudhi.

Tena hana moyo wa jiwe. Ule wimbo mrefu wa ngazi ya kwenda mbinguni, "Stairway to Heaven", ambao kwa miaka alisema maneno yake hayamkai tena mdomoni, aliuimba Oktoba 2023 Oxfordshire, kwenye hafla ndogo ya kuchangia vita dhidi ya saratani iliyoandaliwa na mwanamuziki mwenzake. Ulikuwa wa kwanza tangu 2007. Bei ya huo wimbo ipo, ila wewe na mimi si sisi tunaoipanga.

Sasa mstari niliouzungushia wekundu. Umeandika: "Kwenye treni nikamwambia pesa zake zimeliwa. Hakusema kitu." Kisha ukaruka baharini mpaka kibarazani kwako, ukaanza habari za fundi saa. Kaka, barua yako ina maneno mengi, lakini mwanao ana sehemu mbili tu ndani yake: kwenye bahasha na kwenye treni.

Huyo kijana hasikilizi Led Zeppelin, nabahatisha. Alijua jina moja tu, jina alilokua akilisikia Jumamosi akiwa mdogo, akitumwa soda. Akaona bango mjini kwao. Akahesabu mshahara, akanunua mbili, akaficha bahasha siku tatu. Hakujua Saving Grace ni kitu gani, alijua Robert Plant ni baba. Halafu baba katoka katikati ya onyesho. Uliporudi nyumbani mmekwisha kulizungumza? Barua haisemi, na kwa kuwa umesema kila kitu hadi habari za tambara, nachukulia hamjazungumza.

Mpigie leo. Usianze na kuomba radhi ndefu, vijana wetu wanaona haya wazee wakiwaomba radhi, atakukatisha aseme "haina neno baba" na simu itaishia hapo. Muulize yeye aliuonaje ule usiku. Muulize ni wimbo gani aliupenda. Nakuhakikishia upo, kwa sababu yeye hakwenda na 1971 kichwani. Alikwenda mikono mitupu, akasikia tu kilichopigwa. Akikutajia, mwambie akutumie, usikilize mara tatu kabla hujatoa neno. Mara tatu, kaka. Halafu mwambie ile siku ya bahasha hukulala. Uliniambia mimi, mtu usiyenijua. Yeye huenda hajui.

Kwa fundi saa usitume mtu, na usiandike ujumbe wa simu, mambo haya kwenye simu huharibika. Chukua saa, hata kama inatembea vizuri, nenda dukani kwake Jumatano au Alhamisi asubuhi wakati hana wateja wengi. Weka mezani, mwambie "inachelewa." Ataifungua, atakuta haina kasoro, ataelewa. Mtu aliyekaa na saa za watu miaka 30 haelezwi mara mbili. Neno ulilomwambia, ambalo hukuliandika, lifute kwa mdomo wako mbele yake, kwa kulitaja. Kisha mwambie Jumamosi aje na albamu anayoitaka yeye, upande mmoja wa kwake, upande mmoja wa kwako. Mwalimu atalalamika. Mwache alalamike. Na yule wa posta aliyenyamaza mchunguze vizuri, nashuku naye anaipenda ile ya Krauss ila anaogopa kunyimwa kahawa.

Fulana usiivae tena kwenye safari, si kwa sababu ya Plant, kwa heshima ya mkeo.

Santuri usiuze. Huyo bwana wa Nairobi anayekupa elfu sita kwa santuri 14, zikiwamo zilizoletwa na baharia mwaka 1978, mwambie aongeze sifuri moja, halafu umkatalie.